Herufi Saba Mgongoni

Jina langu ni Anselmo Ibarguren. Naanza na hilo kwa sababu mwaka mzima uliopita watu ishirini na tisa walitembea katika mji wetu wa Coronel Bermejo wakiwa na jina jingine mgongoni, wakidai ni langu. Jina lile lina herufi tisa. Sitaliandika hapa. Anayelitaka akamuulize Gastón Urrutia, maana amelifumua kwa mikono yake mara ishirini na tisa, na naomba aliote mpaka uzeeni.

Kila darasa la mwisho hutengeneza majaketi yake. Rangi hupatikana baada ya ugomvi wa wiki tatu. Sisi tuliangukia kijani. Mgongoni hutariziwa majina ya darasa zima kwa uzi mweupe, na jaketi hilo huvaliwa dukani, uwanjani, kanisani, mpaka viwiko vitoboke. Kabla orodha haijapelekwa kiwandani, mimi nilikuwa nimeshatoka ofisi ya usajili na kitambulisho kipya, jina la babu yangu mzaa mama, jinsia mwanamume. Darasa lilipiga kura. Mikono ishirini na tisa ilinyooka: andika Anselmo. Gastón, kiranja wetu, akaikunja orodha, akaitia mfukoni.

Majaketi yalipofika, mahali pa jina langu, nambari kumi na saba, palikuwa na zile herufi tisa.

"Kiwanda kimekosea," alisema Gastón. Kisha akanigeuza kwa bega mbele ya wote. "Hebu geuka tukuone ulivyopendeza, dada."

Jaketi langu mama alilifumua siku hiyo hiyo. Mama ni mshonaji, duka lake linatazama uwanja wa katikati ya mji, na sindano yake haijawahi kushindwa na kitambaa. Lakini ishirini na tisa yaliyobaki hayakuwa mali yetu. Nikipanga foleni ya mkate, aliyenitangulia amelivaa jina lile. Nikiingia darasani, migongo yote imelivaa. Nilimaliza shule nikiwa na alama kumi juu ya kumi katika hisabati, na kinywani ladha ya uzi.

Sasa ilikuwa Februari, na nilikuwa najiandaa kwenda La Plata kusomea uhandisi.

Mji wetu una nyumba yake huko La Plata, kwa ajili ya wanafunzi wake wanaosoma chuo. Ndiyo njia pekee ya sisi tusio na kitu kusoma, kwa kuwa chuo ni bure lakini kodi ya chumba si bure. Nyumba ile ilinitumia orodha ya vitu vya kuleta: godoro, shuka mbili, sahani, kijiko, sufuria, kibuyu chako cha kunywea yerba, chai yetu ya majani machungu, maana hakuna anayeazimwa kibuyu. Mimi nilikuwa na orodha yangu ya pili, niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Dawa ya homoni ya sindano, ya miezi mitatu, na barua ya daktari. Fulana nne za kubana kifua, ambazo mama alizishona kwa kitambaa alichokijaribu kwanza mwilini mwake, akazunguka nazo dukani mchana kutwa ili ajue kama mtu anaweza kupumua. Nakala tano za kitambulisho. Komeo moja la chuma, skrubu nne na bisibisi, kwa kuwa Ulises wa darasa letu, aliyekwenda kuiona ile nyumba, alinipa habari kwamba mlango wa bafu la wavulana haufungi.

Nilishajiandaa kwa kila kitu isipokuwa Bi Mirta.

Bi Mirta Urrutia ni mama yake Gastón na ndiye mwenyekiti wa kamati ya nyumba ya wanafunzi. Alikuja dukani kujaribu gauni la harusi ya mpwa wake. Akapanda juu ya kigoda, mama akapiga magoti kupima pindo, pini zimejaa mdomoni.

"Nélida, mpenzi," akaanza, akiutazama ukuta. "Kuna neno kuhusu La Plata. Mimi sina ubaya na mtu, unanijua. Lakini wazazi wana wasiwasi. Chumba kimoja wanalala wavulana wanne. Bafu ni moja. Basi kamati imeonelea binti... samahani, kijana, achague. Achukue ile stoo ya pembeni ya jiko, alale peke yake kwa raha zake. Au alete saini za hao watatu wa chumbani kwamba wamemkubali."

"Stoo yenye mitungi ya gesi?" nikauliza.

"Mitungi itasogezwa."

"Na mafagio?"

"Mafagio hayali watu, mwanangu."

"Hao watatu ni nani?"

"Ulises, Baltasar, na Gastón wangu."

Mama hakuweza kusema, mdomo umejaa pini. Akachagua moja.

"Aii! Nélida!"

"Pole, Mirta. Ukitikisika utachomwa tena."

Bi Mirta akaondoka akisugua kifundo cha mguu. Orodha ya vitanda ingesomwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, klabuni, mbele ya wazazi wote. Nilikuwa na siku kumi na sita. Ama niingie chuoni kama mvulana miongoni mwa wavulana, ama niingie kama kitu kinachohifadhiwa pamoja na mafagio, na wanafunzi wa miaka inayofuata waambiwe: pale ndipo alipolala yule.

Ulises alisaini juu ya boneti ya gari la baba yake.

"Unakoroma?"

"Sikoromi."

"Basi lete. Baltasar anakoroma kama trekta, yeye ndiye wangemtafutia saini."

Baltasar naye akasaini, akaniomba tu nisimweleze mama yake habari ya trekta. Ikabaki moja.

Sikwenda kwa Gastón. Nilijua atakuja. Alikuwa ameanguka hisabati Desemba, na mtihani wa mwisho wa kurudia ulikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya mkutano. Asipopita, hana cheti. Hana cheti, hana chuo. Mwalimu pekee wa masomo ya ziada mjini ndiye aliyemwangusha. Kwa hiyo alikuja saa nane mchana, mji mzima umelala na madirisha yamefungwa, asionwe na mtu.

"Chelo," akasema. Ni kifupi cha Anselmo, na mwaka mzima hakuwahi kuniita hivyo. "Tufanye biashara. Wewe unanifundisha, mimi nasaini. Rahisi."

"Saini yako sina haja nayo."

Akacheka. "Acha utani, bwana. Unataka kulala na mafagio?"

"Ninachotaka ni majaketi."

"Majaketi gani?"

"Yote. Utakwenda nyumba kwa nyumba kuyachukua. Si saa hizi za kulala. Jioni, watu wakiwa wametoa viti nje. Na kila mlango utasema hivi, sikiliza vizuri: Nimekuja kuchukua jaketi. Mimi ndiye niliyebadilisha jina la Anselmo kwenye orodha. Nakwenda kulirekebisha. Kisha utakaa hapa dirishani, utafumua, utashona upya, kwa mkono. Kila jaketi moja, somo moja."

"Kiwanda ndicho kilicho..."

"Gastón. Mlinganyo wa kipeo cha pili una majibu mangapi?"

Akatazama dari.

"Haya, nenda nyumbani. Kiwanda kitakuja kukufundisha."

Akaniita kichaa, akanitukana kwa jina la herufi tisa, akaubamiza mlango mpaka makasi yakaanguka ukutani. Mama alitoka chumba cha nyuma, nywele zimelalia upande mmoja.

"Nimesikia yote. Ulikuwa naye mkononi, Anselmo! Angesaini hapa hapa! Wewe unamwachia kwa ajili ya uzi?"

"Ndiyo, mama."

"Kitanda au uzi, mwanangu? Utalalia uzi?"

Nilikuwa na hesabu zangu, lakini nisiseme uongo: nusu yake haikuwa hesabu. Nilitaka tu kumwona amepiga magoti.

Gastón hakuwa na mwalimu mwingine, na kesho yake jioni nilikaa kwenye ngazi ya duka nikasikiliza. Mji wetu ni mdogo na joto likishuka hakuna anayekaa ndani. Viti vinatolewa, vibuyu vinazungushwa, na neno likitamkwa mtaa wa kanisa linafika mtaa wa reli kabla halijapoa. Gastón alianza kwa Bi Ofelia Zubeldía, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye mjukuu wake tulisoma naye.

"Umebadilisha nini?" nikamsikia Bi Ofelia kutoka upande wa pili wa uwanja. "Sema kwa nguvu, kijana, sikio langu hili limekufa!"

Akasema kwa nguvu.

"Kumbe ni wewe! Na mama yako aliniapia kuwa ni kiwanda!"

Gastón aliingia dukani na majaketi matatu, shingo nyekundu kama ametoka kunyolewa na wembe butu. Nikamsogezea kiti dirishani, taa nikaiwasha juu ya kichwa chake, nikampa kisu kidogo cha kufumulia. Tondoo, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, sikumpa.

"Anza na herufi ya kwanza. Ukikata kitambaa, mama atakulipisha kitambaa. Sasa tuseme iksi mara iksi..."

Ndivyo tulivyokwenda siku kumi na moja. Alifumua herufi tisa, akashona saba, na mimi nimesimama nyuma yake nikimsomea milinganyo. Nilimfundisha vizuri. Ningeweza kumfundisha upuuzi na kumwacha azame, na usiseme sikuwaza. Lakini nilitaka apite. Nilitaka aende La Plata akiwa na deni la akili kwangu ambalo hawezi kulirudisha. Alipopata jibu la kwanza sawasawa bila msaada, alisahau akatabasamu. Kisha akakumbuka mahali alipo na akajichoma.

Watu walipita dirishani polepole kuliko kawaida. Bi Ofelia alinunua vifungo mara nne kwa wiki moja, mtu asiye na gauni la vifungo.

"Anashona kama anachimba kaburi," akasema, pua imegusa kioo. "Uvute uzi, kijana, usiunyonge!"

Siku ya pili tu ya kazi hiyo nilikagua majaketi matatu ya kwanza. Nikayaweka mezani, nikayatazama, nikajisikia kucheka na kuua kwa wakati mmoja. Alikuwa ameandika Ancelmo. Kwetu sisi, s na c mbele ya e hutoka mdomoni zikiwa sauti moja, na mtu asiyesoma huandika yoyote iliyo karibu.

"Hii ni nini?"

"Si Anselmo?"

"Kwa s, punda wewe. Mwaka mzima umeshughulika na jina langu, hujui hata linaandikwaje?"

"Sauti ni ile ile!"

"Fumua."

"Chelo, vidole vyangu..."

"Fumua."

Akafumua. Uzi mweupe wa lile jaketi la tatu ulikuwa na madoa ya damu, na mama akaliosha kwa maji baridi na chumvi. Alipomaliza akaniita nyuma.

"Imetosha?"

"Bado."

"Nimekuuliza kama imekutosha wewe."

Nilidhani nitashiba. Kila jaketi lililokamilika nililitundika ukutani, na ukuta ukajaa jina langu, na mimi nikalala nikiwaza lijalo. Sikushiba. Nakwambia hivyo kwa sababu watu husema kisasi kinaponya. Changu hakikuponya kitu. Kilinishikilia tu mgongo usipinde.

La mwisho lilikuwa jaketi lake mwenyewe. Alilishona jioni ya Jumatano, macho yamevimba kwa usingizi na kanuni za hisabati, akalikunja haraka akalitia mfukoni mwa begi. Nililiomba nilikague. Nikalikagua. Nikalikunja tena nikamrudishia.

"Sawa," nikasema. "Hili liache hivyo hivyo."

Alhamisi wenye majaketi wakaja kuyachukua, na Gastón akapita kwa nne, na chini ya nne ni kuanguka. Jioni ile gari la Urrutia lilizunguka uwanja likipiga honi. Gastón hakuja dukani kusema asante wala kuleta saini.

"Nilikwambia," mama akasema.

Ijumaa klabu ilijaa. Feni mbili zilizungusha joto kutoka upande mmoja hadi mwingine. Bi Mirta alikaa meza ya mbele na gauni lile la harusi ya mpwa wake, pindo limenyooka kama rula, kazi ya mama. Akasoma chumba cha kwanza, ghorofa ya wasichana, chumba cha pili. Kisha akavua miwani.

"Chumba cha tatu kina jambo. Tulikubaliana saini tatu, ninazo mbili. Gastón, mwanangu, wewe unasemaje?"

Gastón akasimama. Hakunitazama. Vidole vyake vilikuwa na plasta sita, niliziona kutoka nilipokaa.

"Mimi sisaini."

Mama akanishika goti. Bi Mirta akafungua mikono yake miwili, huruma tupu.

"Mnaona jamani, si mimi. Watoto wenyewe hawana amani. Na tusiwalaumu. Mtu huyu hata mjini hapa hajulikani kwa jina moja. Majaketi ya darasa lake mwenyewe yamesema jina jingine mwaka mzima! Hata kiwanda kilichanganyikiwa..."

"Mirta," ikaita sauti ya kuita ng'ombe.

Bi Ofelia alikuwa amesimama mstari wa nyuma, mkono kiunoni.

"Majaketi yanasema Anselmo. La mjukuu wangu lipo nyumbani kabatini, nimelisoma kwa miwani na bila miwani. Kalishona mwanao. Alikuja mlangoni kwangu akasema kwa mdomo wake kwamba yeye ndiye aliyelibadilisha jina la mwenzake."

"Ofelia, hilo si..."

"Hata kwangu alikuja," akasema baba yake Ulises. "Akaomba na maji."

"Kwangu alisema mara mbili, mke wangu alikuwa bafuni, akataka naye asikie."

"Kwetu mbwa alimfukuza, akasema akiwa juu ya uzio!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu waliodanganywa mwaka mzima na kiapo cha mwenyekiti wao, wakapewa ukweli mlangoni, mmoja mmoja, jioni baada ya jioni, na wote walikuwa wakisubiri mahali pa kuutoa. Gastón alikuwa bado amesimama. Nikaona ameelewa. Milango ishirini na minane, sentensi ile ile, kwa sauti yake mwenyewe. Alidhani nilitaka uzi.

Hapo ndipo nikasimama.

"Bi Mirta, kitambulisho changu hiki hapa. Sheria ya nchi haimuulizi mtu mwingine kama mimi ni mwanamume, kwa hiyo saini hizi hazikuhitajika tangu siku ile ya gauni, na nilijua. Nilizileta mbili kwa heshima ya waliozitoa. Lakini ikiwa kuna mtu asiyetaka kulala chumba cha tatu, mimi sipingi. Stoo ipo. Umesema mwenyewe, mitungi itasogezwa."

"Alale peke yake kwa raha zake!" akapiga kelele Bi Ofelia.

"Mafagio hayali watu," akasema mama yangu. Alisema taratibu, kama anayeng'oa pini mdomoni.

Wajumbe wa kamati walikuwa watano. Mikono minne ilinyooka. Bi Mirta alivaa miwani, akaandika, na akalazimika kusoma alichoandika, kwa kuwa ndiyo kazi ya mwenyekiti.

"Chumba cha tatu. Ulises, Baltasar." Akasogeza karatasi. "Anselmo Ibarguren, kitanda cha dirishani. Stoo: Gastón Urrutia."

Njiani, tulipokwisha kupita kanisa, mama akaniuliza:

"Ulijua watasema?"

"Naijua midomo ya mji huu, mama. Ilinitafuna mwaka mzima. Niliona nayo inifanyie kazi."

"Na kama wangenyamaza?"

"Ningeonyesha kitambulisho, ningepata kitanda. Ila wao wangebaki na hadithi ya kiwanda."

Akanipiga kofi dogo la kisogo, kisha akaniuliza kama fulana nne zitatosha au aongeze ya tano.

Tuliondoka wiki ya kwanza ya Machi. Alfajiri La Plata ilikuwa na upepo, na kila mtu alivaa jaketi lake la kijani aliposhuka kwenye basi. Nilifika kwenye nyumba, nikapanda ghorofani na, kabla ya kufungua godoro, nikafunga komeo kwenye mlango wa bafu, skrubu nne, Baltasar akinishikia taa na kuuliza kwa nini hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo. Nilipotelemka jikoni, Gastón alikuwa akikokota mtungi wa gesi kutoka stoo ili godoro lake lipate nafasi. Jiko lilijaa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu, vibuyu mikononi.

Msichana mmoja wa mwaka wa tatu akainamisha kichwa, akasoma mgongo wa Gastón.

"Anselmo huandikwa hivyo siku hizi? Kwa c?"

Gastón akaacha mtungi. Akavuta jaketi begani, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akazunguka mahali alipo kama mbwa anayetafuta mkia, na jiko zima likaanza kucheka kabla hajaliona.

"Chelo," akasema, pumzi juu. "Ulilikagua. Ulisema ni sawa."

"Nilisema liache hivyo hivyo."

Akalivua. Akalitandaza mezani kati ya vikombe, akaitazama ile herufi moja. Alijua itamchukua muda gani. Hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye.

"Una sindano?"

Nilikuwa nayo. Mama alinifungia boksi zima: sindano, uzi mweupe, kisu cha kufumulia, tondoo. Nikampa sindano na uzi. Nikampa na kisu.

Tondoo nikabaki nayo mfukoni.